Anayesema moyo wake unasita apewe muda, asidaiwe sababu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili niseme neno kuhusu ushauri ambao vijana wetu hupewa kila wanapokabiliwa na uamuzi mzito, kama vile kuoa au kuolewa, kununua kiwanja, kuacha kazi au kuhamia mji mwingine. Ushauri huo ni wa aina mbili, na kila mmoja hutolewa kwa sauti kubwa. Wapo wanaowaambia vijana wafuate mioyo yao, kana kwamba moyo haujawahi kumpoteza mtu. Wapo pia, hasa sisi wazee tunaokalia viti vya mbele kwenye vikao vya ukoo, tunaomtaka kijana anayesita ataje sababu ya kwanza, ya pili na ya tatu, na akishindwa kuzitaja tunamwona mtoto anayechezea muda wa watu wazima. Nimewahi kukosea kwa namna zote mbili, na makosa yenyewe yamenigharimu fedha na miaka.

Nilikuwa dereva wa malori kwa miaka 29, kuanzia 1988 hadi 2017, katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, na mara nyingi nilivuka mpaka na kuingia Zambia. Katika kazi ile tunalo neno machale, yaani hisia ya ndani inayomwonya mtu kabla hajajua sababu. Dereva akisema kwamba machale yamemcheza, wenzake hawamdai maelezo, wala hakuna anayemcheka. Wanamsubiri. Nimekuja kugundua uzeeni kwamba heshima hiyo tuliyopeana barabarani hatupeani majumbani, ingawa maamuzi ya majumbani yana mteremko mkali kuliko ule wa Kitonga.

Nautaja Mlima Kitonga kwa sababu. Jioni moja ya Oktoba 1999 nilikuwa natoka Tunduma na shehena ya shaba kuelekea bandarini. Nilisimama Ilula, kama ilivyo desturi ya wengi wetu, nikanunua nyanya za kupeleka nyumbani kwa mwenyeji wangu Dar es Salaam, na mbele yangu ulikuwa umebaki mteremko wenyewe, jabali upande mmoja na bonde upande wa pili. Niliwasha gari, nikaingiza gia, nikaitoa. Nikaiingiza tena, nikaitoa. Utingo wangu akanitazama, akasema, "Kaka, jua linazama, tushuke." Nikamwambia kwamba leo hatushuki. Akaniuliza kuna tatizo gani, nikamjibu kwamba silijui, ila roho yangu imekataa. Tukalala palepale pembeni ya barabara.

Asubuhi nilimtafuta fundi, akaingia chini ya tela, akatoka na kuniita nikaone mwenyewe. Mpira unaopeleka upepo kwenye breki za tela ulikuwa umesuguana na fremu hadi mahali pamoja ulibaki utando mwembamba kama ganda la kitunguu. Niliuminya kwa vidole viwili, ukalia kama mtu anayepuliza kupitia meno. Mwajiri alinikata posho kwa sababu ya kuchelewa, nami sikulalamika hata kidogo.

Kilichonisumbua baadaye ni namna nilivyojua. Ilipita wiki kadhaa ndipo nikakumbuka kwamba siku ile, tangu tulipotoka Mafinga, mshale wa upepo kwenye dashibodi ulikuwa ukichelewa kurudi juu kila nilipoachia kanyagio la breki, pengine kwa sekunde mbili au tatu zaidi ya kawaida yake. Macho yangu yaliuona mshale ule, lakini akili, ambayo wakati huo ilikuwa ikiwaza foleni ya bandarini, haikuuhesabu. Kwa hiyo pale Ilula hakuna malaika aliyeninong'oneza. Ilikuwa ni hesabu iliyokwisha kupigwa ndani yangu na kukosa maneno ya kutokea, ikaamua kutokea mkononi, kwa kuitoa gia.

Ungedhani mtu aliyepata funzo kama hilo asingerudia kuipuuza sauti hiyo. Miaka 10 baadaye, mwaka 2009, niliipuuza mchana kweupe. Nilikuwa natafuta kiwanja pembezoni mwa Jiji la Mbeya, na dalali akanipeleka mahali pazuri, penye mwinuko na maji karibu. Makaratasi yalikuwepo, ramani iliyochorwa kwa mkono ilikuwepo, sahihi za mashahidi zilikuwepo. Lakini miche ya mpakani ilikuwa imepandwa karibuni, udongo kwenye mashina yake bado mweusi na mbichi, majani yamelala. Mama mmoja jirani, aliyekuwa akipalilia, aliitikia salamu yangu kwa neno moja tu, akaliegemeza jembe ukutani, akaingia ndani na kufunga mlango. Mtu aliyekulia huku kwetu anajua salamu zetu zilivyo ndefu, na anajua kwamba jirani mpya hukaguliwa kwa maswali ya anatoka wapi na ni wa ukoo gani. Mama yule hakuuliza kitu. Tumbo langu lilijikunja vilevile kama lilivyojikunja Ilula.

Dalali aliniambia kuna mteja mwingine anayetoka Tunduma na fedha mkononi, na kwamba angefika saa kumi jioni. Ndugu zangu niliowapigia simu wakaniuliza tatizo liko wapi ikiwa makaratasi yapo. Sikuwa na jibu, na mtu mzima asiye na jibu huona aibu. Nililipa shilingi milioni 6 kabla ya saa tisa. Miezi sita baadaye wakaja wenye mali, watoto wa marehemu kaka yake yule aliyeniuzia, tukafikishana kwenye baraza, na baada ya miaka mitatu nilirudishiwa theluthi moja ya fedha zangu. Yule mama jirani alikuja kunipa pole. Aliniambia kwamba siku ile alitamani nimuulize jambo, hata moja, apate upenyo wa kusema.

Mwanangu wa pili, aliyesomea saikolojia chuo kikuu, ndiye aliyenieleza kwamba mambo haya yamechunguzwa kisayansi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, Antoine Bechara, Antonio Damasio na wenzao, waliwapa watu mafungu manne ya karata wazifunue moja moja. Mafungu mawili yalitoa zawadi nono lakini ndani yake kulikuwa na hasara kubwa zaidi, na mawili yalitoa zawadi ndogo na hasara ndogo, hivyo mwishowe mvumilivu ndiye aliyepata faida. Watafiti walipima jasho la ngozi mikononi mwa wachezaji. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1997 yalionyesha kwamba baada ya karata kama 10 hivi ngozi ilikwisha kuanza kushtuka kabla mkono haujagusa mafungu mabaya, ilhali wachezaji wenyewe walianza kuhisi kwamba mafungu hayo yana walakini wakifika karibu karata ya 50, na wengi wao waliweza kueleza kisa kizima wakifika karibu ya 80. Walikuwepo pia wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo. Baadhi yao walifika mahali pa kueleza vizuri kabisa ni mafungu gani yana hasara, lakini ngozi zao hazikushtuka, nao waliendelea kuyachagua mafungu hayohayo. Niliposikia hivyo nilikaa kimya kwa muda mrefu, kwa maana mimi nilikuwa na ngozi nzima, iliyoshtuka barabara, na bado nikanunua kiwanja.

Hata hivyo, Ndugu Mhariri, nisingependa msomaji aiweke barua hii chini akidhani kwamba namwambia autii moyo wake kila unapopaza sauti. Nilipostaafu mwaka 2017 na kupata mafao yangu, moyo wangu ulinituma Mufindi nikanunue eka 10 na kupanda miti ya paina. Siyo kwamba ulinituma kwa kusita. Ulinituma kwa shangwe. Nilikuwa nimepita katikati ya msitu wa Sao Hill kwa karibu miaka 30, nikiona magogo yanapakiwa na watu wanajenga nyumba za bati jekundu, na nikawa na uhakika usio na chembe ya shaka kwamba hapo ndipo ulipo uzee wangu mwema. Mke wangu aliniuliza kama najua nini juu ya miti. Nilimjibu kwamba naiona kila wiki.

Kuona msitu kupitia kioo cha lori si kuujua msitu. Sikulima njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba langu, kwa sababu sikujua kwamba katika nyanda zetu miezi ya kiangazi, kuanzia Agosti hadi mvua zinapoanza, ndiyo inayoamua nani atavuna na nani hatavuna. Oktoba 2020 moto uliotoka kwa jirani aliyekuwa akisafisha shamba ulipita kwangu kwa muda wa alasiri moja tu. Nilipofika nilikuta vijiti vyeusi vimesimama kwa mistari, vimenyooka vizuri kama nilivyovipanda.

Sasa mtu atauliza kwa nini moyo uliojua habari ya mpira wa breki haukujua habari ya moto, ilhali ni moyo uleule na kifua ni kilekile. Jibu nililolipata ni la watu wawili waliobishana kwa miaka. Mmoja ni Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002 na kufariki 2024, ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuonyesha jinsi hisia za haraka zinavyotudanganya. Mwingine ni Gary Klein, aliyewachunguza makamanda wa zimamoto na kuona jinsi wanavyofanya uamuzi sahihi ndani ya sekunde chache bila kupima njia mbili tatu. Miongoni mwa visa vyake ni cha kamanda aliyewatoa watu wake ndani ya nyumba bila kujua kwa nini, na mara tu walipotoka sakafu waliyokuwa wamesimama juu yake ikaporomoka, kwa sababu moto wenyewe ulikuwa chini yao. Niliposimuliwa kisa hicho nilimwona utingo wangu pale Ilula. Mwaka 2009 Kahneman na Klein waliandika makala kwa pamoja wakakubaliana kwamba hisia ya ndani huaminika pale penye mambo mawili: kwanza, jambo lenyewe liwe na utaratibu unaojirudia, na pili, mtu awe amepata nafasi ya kutosha ya kujifunza utaratibu huo kwa kukosea na kupata jibu la kosa lake.

Dereva hupata jibu lake papo hapo. Ukiingia kona kwa mwendo usiofaa, kona inakujibu kabla hujamaliza kuvuta pumzi, nayo inakujibu mara elfu kwa mwaka. Mti wa paina unakujibu baada ya miaka 15 au 20, na mstaafu hana muda wa kupata majibu mawili. Ndoa je? Wengi wetu tunafunga moja. Kiwanja ni kimoja au viwili, kustaafu ni mara moja. Maamuzi makubwa ya maisha ndiyo hasa ambayo hakuna mtu aliyeyafanyia mazoezi, na anayemwambia kijana afuate moyo wake bila kumuuliza moyo huo umejifunzia wapi, anampa funguo za lori mtu ambaye ameendesha baiskeli tu.

Lakini lipo jambo moja ambalo sote tumelifanyia mazoezi tangu tukiwa mgongoni mwa mama zetu, nalo ni kusoma watu. Mtoto asiyejua kusema anajua mkono upi unamshika kwa upendo na upi unamshika kwa hasira. Tumesoma nyuso na sauti maisha yetu yote, na tumepata majibu kila siku, mengine kwa machozi. Ndiyo maana naamini kwamba katika uamuzi mkubwa, kusita kunakotokana na mtu ni kwa kutazamwa mara mbili zaidi ya shangwe inayotokana na bei, na zao, na picha ya nyumba ya bati jekundu. Kwenye kiwanja nilichotapeliwa, machale yangu hayakujua chochote kuhusu sheria za ardhi. Yalichojua ni uso wa mama anayefunga mlango.

Hapo napo pana hatari, na ningekuwa mwongo nikiificha, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kuonja uchungu wake. Nilipopeleka posa Njombe mwaka 1990, wakati Njombe ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Iringa, mama mkwe wangu alisema moyo wake umenikataa. Hakuwa amewahi kuniona. Alikuwa amesikia tu kwamba mimi ni dereva wa malori, na katika miaka ile ya mwanzo wa ukimwi, katika vijiji vilivyokuwa vikizika vijana kila wiki, maneno dereva wa malori yalitosha. Simlaumu. Alikuwa na woga wa mama, na woga wake ulikuwa na makaburi ya kuuthibitisha. Lakini kilichokataliwa hakikuwa mimi. Lilikuwa ni jina la kazi. Ndivyo yanavyokataliwa makabila, dini, na watu waliozaliwa na ulemavu au sura fulani, halafu anayekataa huapa kwamba ni moyo wake uliomwambia.

Baba mkwe wangu hakumpuuza mkewe wala hakunifukuza. Alimwambia mshenga kwamba jibu litatolewa baada ya miezi sita. Kila safari nilipopita, nililiacha lori Makambako, nikapanda basi hadi Njombe, nikakaa nao saa mbili au tatu, nikachanja kuni, nikarudi. Safari ya tano au ya sita mama mkwe aliniuliza kama huko barabarani nakula nini. Nilipomaliza kueleza aliingia jikoni, akanifungia viazi vilivyochemshwa ndani ya kitambaa safi. Sikupewa jibu lingine rasmi zaidi ya hilo. Alipofikia uzee alikuja kuishi nasi hapa Uyole, akafia mikononi mwetu mwaka 2014.

Narudia kulifikiria neno la baba mkwe kila ninapoitwa kwenye kikao. Hakudai sababu, hakutoa hukumu. Alitoa muda. Na muda ndio uliofanya kazi ambayo mabishano yasingeweza kuifanya, kwa sababu kusita kulikozaliwa na uvumi huyeyuka kunapokutana na mtu mwenyewe, na kusita kulikozaliwa na jambo la kweli huzidi kuwa kugumu, hata kama mwenyewe unakupigia magoti kuondoke. Hilo nimelithibitisha katika mwili wangu. Tamaa huwa na haraka na inachukia usiku upite. Woga hupiga kelele usiku na mara nyingi hupungua kukicha. Machale ya kweli hayapigi kelele, lakini ukiamka, ukanywa chai, ukazungumza na watu na kucheka nao, ukirudi unayakuta yamekaa palepale.

Mwaka 2018 zamu ikawa ya binti yangu. Mahari ilikwisha kutolewa, kamati ya harusi ilikwisha kukaa mara nne, kadi za michango zilikuwa mikononi mwa watu. Jioni moja alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko akimenya viazi, mimi nikisikiliza taarifa ya habari. Nikaona kisu kimesimama. Akasema, "Baba, naomba usinikasirikie. Moyo wangu unasita." Shangazi yake, ambaye ni dada yangu mkubwa, aliitwa, akaja, akamuuliza kama ilivyo haki yake: Amekupiga? Hapana, shangazi. Ana mke mwingine? Hapana. Ni mlevi? Hapana. Basi unataka nini? Binti yangu akainamisha kichwa, na nilimwona akiona aibu ileile niliyoiona mimi mbele ya dalali.

Niliomba miezi mitatu. Niliomba mwenyewe, kwa miguu yangu, kwa wazazi wa kijana, nikawaeleza kwamba mwanao hana kosa tunalolijua na kwamba aibu yote ni yangu. Wapo ndugu ambao hawakunisalimu kwa mwaka mzima, na michango mingine niliirudisha kutoka mfukoni mwangu. Miezi mitatu ilipokwisha binti alisema hapana. Yule kijana alioa kwingine, anaishi vizuri na familia yake, na tukikutana ananiamkia kwa heshima zote. Binti yangu anafanya kazi Makambako na hajaolewa. Sijui mpaka leo kama moyo wake uliona jambo au uliogopa tu, na sitaki kumtungia mkwe ambaye sikumpata kosa ambalo hakulitenda ili nionekane nilikuwa na haki. Ninachokijua ni kwamba hakuna aliyemsukuma mwanangu mteremkoni huku mkono wake ukiitoa gia.

Desturi zetu na sheria zetu zilikwisha kuliona jambo hili kabla yetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla ya siku ya ndoa, na inataka ridhaa ya kila mmoja iwe ya hiari. Makanisa mengi huku kwetu hutangaza ndoa kwa Jumapili tatu. Lakini tumezifanya siku hizo kuwa siku za kukamilisha michango na kuchagua ukumbi, na tunazitazama kama nafasi ya watu wa nje kuleta pingamizi, wakati wenye ndoa wenyewe hakuna anayewauliza kama bado wanaafiki. Naomba wachungaji, mapadri, mashehe na washenga wawaite wawili hao kila mmoja peke yake, mara moja tu ndani ya siku hizo, mbali na wazazi na mbali na kamati.

Naomba pia tubadilishe namna ya kuuliza. Mwanangu aliniambia kwamba mwaka 2004 watafiti wengine wawili, Tiago Maia na James McClelland, waliurudia mchezo ule wa karata wakiwa na maswali mengi na ya kina zaidi, wakakuta kwamba wachezaji walikuwa wakijua mapema mengi kuliko ilivyodhaniwa. Kumbe maneno yalikuwepo, yalikosa mtu wa kuyauliza vizuri. Swali la sababu yako ni nini humfunga mtu mdomo, kwa sababu linamtaka alete hukumu iliyokamilika. Mtu akiulizwa ameona nini, alianza kusita siku gani, siku hiyo walikuwa wapi, nani alisema nini na kwa sauti gani, mara nyingi huanza kukumbuka. Laiti utingo wangu angeniuliza pale Ilula ni lini mara ya mwisho nilipojisikia vizuri na gari, pengine ningemjibu kwamba ni kabla ya Mafinga, na mshale wa upepo ungenirudia usiku uleule badala ya wiki kadhaa baadaye.

Kwa upande wangu nimeanza na jambo dogo lililo ndani ya uwezo wangu. Kwa kuwa nina umri na nina mvi, huitwa mara kwa mara kuwa shahidi wa mauziano ya viwanja na mashamba. Tangu miaka mitatu iliyopita siweki sahihi siku ileile. Nawaambia mnunuzi na muuzaji kwamba makaratasi yatakaa, fedha zitakaa kwa mwenyewe, na sisi tutakutana baada ya siku saba. Ndani ya siku hizo mnunuzi aende ofisi ya ardhi, asalimie majirani wote wanne, alale, aamke. Muuzaji mmoja aliniambia nina wivu, akaenda kutafuta shahidi mwingine, na ni haki yake. Wengine wengi wamerudi siku ya saba wakakamilisha kwa amani, na wawili kati yao ni majirani zangu sasa.

Machi mwaka huu mama mmoja mjane alikuja siku ya tano, mapema, mimi nikiwa bado natoa maji kisimani. Akaniamkia, akasimama kidogo, akasema, "Mzee, nimeghairi." Niliingia ndani nikamletea karatasi zake. Akazikunja mara mbili, akazitia kwenye mkoba, kisha akaniuliza kama mbegu ya viazi imeshuka bei wiki hii hapa sokoni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Dereva mstaafu,
Uyole, Mbeya.